Kabla ulipie kozi ya Java, omba faili moja tu

Wale mnatafuta kozi ya Java (lugha ya kuandika programu za kompyuta) ya kazi za ofisi kubwa, benki na kadhalika, iwe ni darasa hapa Kisumu mjini ama ya onlaini, kabla utume pesa kwa Mpesa mwambie mwalimu akutumie faili moja ya code ya mfano kwa zile atafundisha. Angalia mistari ya juu kabisa, pale pa import, yaani mistari inayoita code iliyoandikwa kwingine. Ukiona javax.persistence ama javax.servlet jua hayo masomo ni ya zamani, siku hizi ni jakarta.persistence na jakarta.servlet, maana Spring Boot (zana ya kutengenezea programu za Java) ilihamia majina ya jakarta kwa toleo la 3, lililotoka Novemba 2022 na inataka Java 17 kwenda juu, na toleo la kabla yake, 2.7 la javax, sapoti ya bure iliisha Novemba 2023. Lakini usikimbie ukiona javax.sql, hiyo ni ya Java yenyewe na iko sawa tu.

Upande wa wavuti uliza kama ni Angular ama AngularJS (zana za kutengeneza kurasa za wavuti), hizo ni vitu viwili tofauti kabisa na AngularJS sapoti yake iliisha mwisho wa 2021. Cheti kinang'aa sawa, lakini mimi naangalia faili kwanza.