Maswali ya ufahamu kwenye GRE: tafuta mstari kwanza, jibu baadae

Wengi ninaowafundisha GRE, yani ule mtihani wa kuombea masta nje, wanakuja na madaftari yamejaa misamiati waliyokariri, halafu wakikutana na kifungu cha habari wanaanguka. Shida sio kingereza jamani, wanajibu wanachokijua badala ya kilichoandikwa.

Hatua ya 1, jua muda wako. Toka Septemba 2023 mtihani umefupishwa, Verbal (upande wa lugha) ina sehemu mbili, maswali 12 kwa dakika 18 halafu 15 kwa dakika 23, na karibu nusu ni ufahamu. Yani dakika moja na nusu kila swali, kusoma kifungu mara tatu sahau.

Hatua ya 2, soma ukitafuta mwandishi anapogeuka. Ukiona "however" au "yet" punguza spidi, mara nyingi hoja iko hapo. Mfano kifungu kinasema zamani wataalamu waliamini miji ya pwani kama Kilwa ilianzishwa na wageni, however uchimbaji wa baadae ukaonyesha vijiji vya wenyeji vilitangulia vikakua taratibu mpaka ikawa miji. Lengo lake ni kusahihisha dhana ya zamani, basi.

Hatua ya 3 ndo yenyewe: jibu kichwani kwa maneno yako kabla hujaangalia machaguo, halafu kila chaguo lioneshe mstari unaolibeba. "Wageni hawakuchangia chochote"? Limezidisha, kifungu hakijafika huko. "Dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa"? Ni kweli, tumeisoma sekondari, ila kwenye hiki kifungu haipo kwa hiyo ni kosa, na hapa ndo nimeona wanafunzi wazuri kabisa wanapotea kwa sababu wanajua mengi.

Hatua ya 4, maswali ambayo machaguo yake yana viboksi vya mraba. Machaguo matatu, sahihi linaweza kuwa moja, mawili au yote, na ukikosea moja tu hupati kitu. Kila moja lifanye swali lake la kweli au si kweli.

Swali likikugomea weka jibu lolote, hawakati maksi, liwekee alama urudi kabla sehemu haijaisha.

Mazoezi: ETS, wenye mtihani wao, wanatoa POWERPREP (mitihani ya majaribio) mbili za bure onlaini. Moja fanya mwanzoni, ya pili itunze mpaka wiki mbili kabla ya mtihani. Katikati hapo kila swali ulilokosa liandike kwenye daftari pamoja na mstari uliobeba jibu na kilichokuvuta kwenye chaguo baya, na kabla ya kuanza mazoezi mapya pitia kurasa za jana.