Kugawanya na kupata baki kwenye Python: tupige chenji, halafu tusome saa zetu

Wakuu, hii ni ya mnaoanza, maana kila mara naona mtu anaandika / halafu anashangaa desimali zimetoka wapi.

Hatua ya 1. Fungua Python 3, andika 17 / 5, inaleta 3.4. Sasa andika 17 // 5 unapata 3, na 17 % 5 unapata 2, yaani kilichobaki. Hiyo % hapa haina uhusiano wowote na asilimia, isahau.

Hatua ya 2. Chukulia una duka Kariakoo, mteja anakudai chenji 8,700 na unataka ujue noti ngapi ngapi:

chenji = 8700
for noti in [5000, 2000, 1000]:
    print(noti, chenji // noti)
    chenji = chenji % noti

Inatoka moja moja kila noti, zinabaki 700, hizo mpe sarafu. Ukitaka vyote viwili kwa mpigo tumia divmod(chenji, noti).

Hatua ya 3 ndo yenye utamu: namba hasi. Kwa -7 // 2 wengi wanategemea -3 ila Python inatoa -4, kwa sababu // inashuka chini siku zote, haikati tu desimali, na -7 % 2 inakuwa 1. Hakiki mwenyewe: -4 mara 2 ni -8, jumlisha 1, umerudi -7.

Hatua ya 4, kazi yake sasa. Kompyuta inasema 15, sisi tunasema saa tisa:

def saa(h):
    return (h - 7) % 12 + 1

Weka 15, inakuja 9. Weka 3 ya usiku: 3 - 7 ni -4, -4 % 12 ni 8, jumlisha 1, saa tisa usiku hiyo, bila if hata moja. Mbona nisitoe 6 tu yaishe? Jaribu (18 - 6) % 12 uone, inakuletea 0, na jioni pale Posta nani anasema saa sifuri?

Hatua ya 5, ukihamia lugha nyingine kuwa makini. Java na JavaScript -4 % 12 kwao ni -4 vilevile, kwa hiyo saa tisa yako inageuka saa -3. Kwenye Java andika Math.floorMod(h - 7, 12) + 1, ipo tangu Java 8. JavaScript izungushe hivi: ((h - 7) % 12 + 12) % 12 + 1. C nayo tabia ni ileile, hiyo ya JavaScript inafanya kazi huko pia.