Kumpima mzee anayesahau, ukiwa zahanati na kiberiti tu

Msimu wa korosho ndio unaowaleta. Kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, babu anafikishwa zahanati kwa sababu ameenda kugombana na watu wa chama cha msingi cha ushirika: anadai korosho zake hazijapokelewa, kumbe stakabadhi imo kwenye mfuko wa shati lake. Mwaka mzima alikuwa akiuliza jambo moja mara tano na nyumba nzima ikasema "uzee huo". Hesabu ya pesa ilipovurugika ndipo wakashtuka.

Mimi ni tabibu, kazi yangu iko vijijini huku Mtwara. Nawaandikia wenzangu ambao hawana daktari wa akili karibu. Mgonjwa wetu ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, anayesahau kuliko wenzake wa rika lake.

Hatua ya 1: Masikio na macho kwanza

Hii nimejifunza kwa aibu. Nilimpima bibi mmoja, akakosa karibu kila kitu, nami nikaandika kwenye kadi kwamba huenda ana demensia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Muuguzi mwenzangu akamchungulia masikio: nta imeziba pande zote mbili. Tukailainisha kwa matone siku kadhaa, tukamsafisha kwa maji ya uvuguvugu. Aliporudi alijibu vizuri, tena akanisahihisha Kimakonde changu. Tangu siku hiyo sifungui kinywa kabla ya kuangalia masikio na mtoto wa jicho.

Hatua ya 2: Salamu, lugha, umri

Mpe shikamoo, mkalishe, usimwulize umesimama. Kama Kiswahili chake ni cha kuokoteza, pima kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Tafuta mkalimani mtu mzima. Mjukuu humnong'oneza majibu.

Wengi hawaujui mwaka wao wa kuzaliwa. Uliza: wakati wa Uhuru, 1961, ulikuwa unachunga mbuzi au umeshaolewa? Wakati wa Operesheni Vijiji, 1974, ulikuwa na watoto wangapi? Vita vya Kagera je? Walioishi Nachingwea huwa wanaikumbuka treni ya mashamba ya karanga ya enzi za Mwingereza. Hapo unapata umri, na unapata kitu kingine pia: mzee anaweza kukusimulia treni ile behewa kwa behewa, halafu asijue kama asubuhi amekunywa uji. Usidanganywe na ufundi wa kusimulia ya zamani. Ya zamani huchelewa kufutika.

Hatua ya 3: Zungumza na anayeishi naye, pembeni

Usimjadili mzee mbele yake kama mtoto. Mtoe nje mkwe au binti anayempikia, umwulize mambo ya nyumbani. Anapotea njia ya shamba aliyoipita miaka 40? Anaunguza chungu? Anaficha pesa kisha anamshuku mtu? Alikuwa kungwi, sasa nyimbo za unyago anazichanganya? Watu bado wanamfuata kuomba shauri, au wameacha? Hilo la mwisho nalithamini sana, kwa sababu kijiji huacha kumwomba mtu shauri muda mrefu kabla ya familia kukiri kuna tatizo.

Kisha uliza: ilianza lini, na ilianzaje?

Hatua ya 4: Kama ni ghafla, acha kupima kumbukumbu

Aliyekuwa mzima juzi na leo hajui alipo, mara anasinzia mara anafoka, huyo ni mgonjwa wa dharura. Pima malaria, sukari, joto, presha, mkojo, sikiliza mapafu. Uliza kama alianguka wiki zilizopita, maana damu inaweza kuvia taratibu ndani ya fuvu. Uliza uraka na gongo bila kuhukumu. Aliyekunywa kila siku akaacha ghafla naye huchanganyikiwa. Mwambie alete dawa zote anazomeza, hata za dukani. Piritoni, amitriptilini na diazepamu huvuruga akili ya mzee, na mara nyingi nazikuta zote tatu kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Hatua ya 5: Kipimo chenyewe

Wengi tulifundishwa MMSE, kipimo cha kumbukumbu na akili cha Folstein cha 1975 chenye alama 30. Kina kuandika sentensi na kuchora maumbo. Ukimpa hicho bibi ambaye hajawahi kushika kalamu, unampima shule, humpimi kumbukumbu.

Mimi natumia IDEA, kipimo kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa kuwazingatia wazee wasiosoma. Kina vipengele sita na alama 15. Unamsomea maneno kumi, anayarudia, na baada ya dakika chache anaulizwa anayoyakumbuka. Anaulizwa siku ya leo, na kiongozi wake ni nani. Anataja wanyama kwa dakika moja. Anaulizwa daraja ni nini. Mwisho, unapanga njiti nne za kiberiti naye apange vilevile.

Kwenye daraja kuwa makini. Huku kwetu wengi hujibu "la Mkapa, pale Rufiji". Huo ni mfano, bado hajasema ni nini. Mwulize tena kwa upole. Kwenye wanyama, jina la lugha ya nyumbani lihesabu. Kwenye njiti mpe muda: nimemwona babu akizishika, akazigeuza, akazirudisha ndani ya kiberiti na kunikabidhi kwa adabu, "chukua mwanangu, usije ukazipoteza". Sikumpa alama, ila sikumharakisha pia.

Hatua ya 6: Alama zikiwa chache

Alama 7 kushuka zinaashiria demensia. 8 na 9 ni mashaka. Kipimo kinachuja tu, usitangaze ugonjwa kwa namba. Pima wingi wa damu, VVU na kaswende. Uliza usingizi, hamu ya kula, msiba wa karibuni: sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kwa mzee hujivika sura ya usahaulifu, na inatibika. Tezi ya shingo na vitamini B12 zahanati hatuna uwezo navyo, kwa hiyo andika rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula au Sokoine kutegemea uko upande gani. Presha na kisukari vidhibiti hukohuko kwako, maana viharusi vidogovidogo hula kumbukumbu kidogo kidogo.

Hatua ya 7: Maneno ya kuwaambia nyumbani

Sema waziwazi kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Bibi anayezurura usiku akigonga milango huitwa mchawi upesi, na jina hilo linaweza kumuua. Kama mwenyewe anakubali, mweleze na mwenyekiti wa kitongoji. Panga, kibatari na mafuta ya taa viwekwe mbali, kisima kifunikwe. Namba ya simu ya mwanawe ishonwe kwenye upindo wa kanga, upande wa ndani, na arudi kupimwa baada ya miezi sita akiwa na yuleyule aliyemleta.