SOMO: Kuchagua monita (spika za kumiksia muziki) za studio ya chumbani (soma lote kabla ya kuniuliza "ipi kali")

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "Nina laki kadhaa, ninunue monita gani?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza namrushia uzi huu.

Naongea na wale wa chumba cha kupanga, iwe Sakina, Ngarenaro au Moshono hapa Arusha, au Majengo ya Moshi: laptop, saundikadi (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta), maiki moja na hamu ya kutoa ngoma. Wenye majengo ya studio mna mafundi wenu.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini.
Sabufa ya sebuleni imetengenezwa ikupendeze, besi imejazwa na trebo imeng'arishwa. Monita kazi yake ni kukuonyesha makosa. Ukimiksi kwenye sabufa unasikia besi nyingi kuliko iliyopo, unaipunguza, na wimbo ukipigwa kwenye kifodi (daladala ndogo) unakuta umekonda.

Hatua ya 2: Aktivu maana yake amplifaya iko ndani.
Nyingi nzuri zina amplifaya mbili kwenye kila spika, moja ya wufa (koni kubwa ya besi) na moja ya twita (ile ndogo ya trebo). Ila kwenye pea ndogo za bei rahisi amplifaya mara nyingi iko upande mmoja tu, na mwenzake anaendeshwa kwa waya wa kawaida wa spika. Kwa kuanzia si mbaya, lakini huo upande mmoja ukiungua, pea nzima imelala. Na uliza bei ni ya spika moja au ya pea. Kuna watu wamefunga safari mpaka Kariakoo na hela ya spika moja wakijua ni ya mbili.

Hatua ya 3: Chukua futi ukapime chumba.
Hapa ndipo wengi tunaharibikiwa. Pea yangu ya kwanza ilikuwa ya inchi 8 (upana wa wufa) kwenye chumba cha kulala, kwa hiyo mnivumilie nirefushe.

Mtu ana chumba cha mita 3 kwa 3, ananunua inchi 8 kwa sababu "zinapiga". Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kuta mbili zikiachana mita 3, nusu ya wimbi la 57 Hz (mitetemo 57 kwa sekunde) inaenea sawasawa kati yake, kwa hiyo linagonga, linarudi na kujiongeza nguvu. Waya wa A kwenye gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, uko 55 Hz. Ina maana besi ikigusa A au jirani yake tu, chumba kinanguruma, na noti nyingine zinabaki za kawaida. Chumba cha mraba ndicho kibaya zaidi maana urefu na upana vyote vinaipandisha noti ile ile.

Na kuna mtego wa pili. Katikati kabisa ya chumba hicho, mita 1.5 kutoka ukutani, noti hiyo hiyo inakufa. Hakikisha leo: pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, iunganishe na spika yoyote yenye besi, weka 57 Hz, kisha tembea taratibu kutoka ukutani kwenda katikati. Utaisikia ikizama kama mtu kaifungia mlango, na ukipita katikati inaanza kurudi. Sasa fikiria kiti chako kiko pale. Besi huisikii, unapandisha, unapandisha tena, na kwenye gari la mshikaji vioo vinatetemeka, maneno hayasikiki. Hapo utailaumu saundikadi.

Kwa hiyo chumba kikiwa chini ya mita 3.5, chukua inchi 5 na tusibishane. Mita 4 kwenda juu, tena uwe umeweka vitu vya kunyonya sauti, unaweza kwenda 6.5 au 7. Inchi 8 subiri ujenge.

Maangalizo ya hatua hii:
– Usikae katikati. Anzia asilimia 38 ya urefu wa chumba ukipima kutoka ukuta wa mbele, kisha sogea mbele na nyuma kidogo kidogo. Kwa mita 3 ni kama mita 1.14.
– Trei za mayai hazifanyi chochote kwenye besi. Zitoe, mende wanazipenda.
– Sponji nyembamba ukutani inanyonya trebo peke yake. Chumba kinakuwa kizito, besi iko pale pale.
– Kinachosaidia ni unene. Rokwuli (sufi ya mawe) ya sentimita 10 kwenye fremu ya mbao, ivike kitenge, isimamishe kwenye kona. Wakati wa kuikata vaa barakoa na glavu, inawasha vibaya.

Hatua ya 4: Soma nyuma ya spika kuhusu umeme.
Huku kwetu ni 230V, plagi ya pini tatu bapa. Kenya wanatumia plagi hiyo hiyo, ndiyo maana mzigo wa Nairobi ukishamalizana na forodha pale Namanga unachomeka tu. Marekani ni 120V. Ikiandikwa 100–240V, badili waya wa umeme, umemaliza. Ikiandikwa 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini, haishushi umeme.

Hatua ya 5: Waya.
Tumia waya unaokinga mngurumo: XLR (plagi ya duara yenye pini tatu), au jeki ya TRS pande zote mbili. Jeki ya TRS ina pete mbili nyeusi, ya kawaida ina moja. Angalia kabla hujalipa.

Hatua ya 6: Kupanga.
Pembetatu ya pande sawa kati ya spika mbili na kichwa chako, twita usawa wa sikio. Usizilaze juu ya meza tupu, weka sponji ngumu chini yake. Kwenye chumba kidogo zisogeze sentimita 15 au 20 kutoka ukutani. Besi itapanda kwa sababu ya ukuta, hivyo ipunguze kwa swichi ya nyuma. Kwenye monita za Yamaha HS, kwa mfano, ipo ya kushusha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 4 chini ya 500 Hz. Ile swichi haikuwekwa kama pambo.

Hatua ya 7: Kuwasha na kuzima.
Saundikadi kwanza, spika mwisho. Kuzima, spika kwanza.

Hatua ya 8: Zisikilize kabla ya kuzifanyia kazi.
Piga nyimbo unazozijua mpaka pumzi za mwimbaji, kwa sauti ambayo mtu anaweza kuongea nawe bila kupaza. Usianze kumiksi kazi ya mteja siku ya kwanza.

Nawasilisha. Maswali hapa chini.

Mdau, Kijenge: Somo zuri mkuu. Sasa kati ya Yamaha HS5 na KRK Rokit 5, zote za inchi 5, ipi kali?

Jibu: Chumba chako mita ngapi?

Mdau, Kijenge: Sijapima. Ni cha kawaida tu.

Jibu: Hatua ya 3.

Mwanakwaya, Moshi: Shikamoo mwalimu. Tunarekodi kwaya ya kanisani kwetu. Nimeona HS5 imeandikwa inaanzia 54 Hz, mahali pengine 74 Hz. Ipi ni kweli?

Jibu: Marahaba. Umeuliza vizuri sana, na zote ni kweli. Ile 54 ni pale sauti inapokuwa imeshuka desibeli 10, yaani ipo lakini imefifia. Ile 74 ni pale ilipopungua desibeli 3 tu, na hiyo ndiyo ya kuiamini kwa kazi. Kwa HS8, ile ya inchi 8, namba hizo ni 38 na 47. Duka litakuonyesha ile inayouza, kwa hiyo kila ukiona Hz, uliza ni kwa desibeli ngapi. Kwa kwaya usiwe na wasiwasi. E ya chini ya waimbaji wa besi iko karibu 82 Hz, inchi 5 zinaifikia. Kinanda ndicho kinashuka zaidi, na hapo hakikisha kwa hedifoni.

Mwanakwaya, Moshi: Asante sana. Na ule mwangwi wa kanisa, tunautoaje?

Jibu: Hautoki baadaye. Sogezeni maiki karibu na waimbaji, na mrekodi siku watu wapo kwenye viti. Nguo na miili vinanyonya sauti kuliko kuta.

Mdau, Usa River: Ndugu yangu kaniletea spika toka Marekani, nimechomeka zimetoa moshi. Shida nini?

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau, Usa River: Lakini nilitumia adapta.

Jibu: Hatua ya 4, sentensi ya mwisho. Mpelekee fundi aangalie fyuzi na transfoma kabla hujazitupa, wakati mwingine hasara huishia hapo. Usibadilishe fyuzi ukachomeka tena palepale.

Mdau, Unga Ltd: Mnatisha watu bure. Chuga (Arusha) ngoma kibao zimepikwa kwenye sabufa na zikahit.

Jibu: Nani kakataa? Mtu aliyeisikiliza sabufa moja mpaka akajua inadanganya wapi, atatoa kazi. Hata Yamaha NS-10, zile za koni nyeupe unazoziona kwenye picha za studio za zamani, zilitoka mwaka 1978 kama spika za kusikilizia nyumbani. Mafundi wa miksi wakazizoea, zikatapakaa studio za dunia nzima mpaka zilipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Tena hazikuwa aktivu. Kama una muda wa kuizoea sabufa yako, endelea. Wanaoniuliza mimi wanataka njia fupi.

Mdau, Unga Ltd: Hapo sawa. Kumbe koni nyeupe za HS ni za ukoo.

Dada wa podikasti, Njiro: Mimi ni maongezi tu, hakuna biti. Kweli nahitaji haya yote?

Jibu: Hapana dada. Nunua hedifoni nzuri, pesa inayobaki weka kwenye maiki na mapazia mazito. Sauti ya mtu anayeongea haina mambo mengi chini ya 80 Hz, kwa hiyo huo ugomvi wa chumba na besi haukuhusu. Ukimaliza kuhariri, sikiliza mara moja kwenye spika ya simu, maana wasikilizaji wako wengi wako huko.

Mdau, Sombetini: Zangu zinatoa mngurumo mmmmm hata wimbo usipopigwa. Nikichomoa chaja ya laptop unaisha.

Jibu: Mwenye swali ameshafanya nusu ya uchunguzi, safi. Waya wako ni wa aina gani?

Mdau, Sombetini: RCA kwenda jeki ya pete moja.

Jibu: Anza hapo, weka TRS. Kisha chomeka laptop, saundikadi na spika kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi moja ya ukutani.

Fundi umeme, Sanawari: Naomba kuongezea. Kuna watu wanakata waya wa ethi (wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) ili mngurumo uishe. Msifanye hivyo. Hitilafu ikitokea ndani, bodi la chuma linabeba umeme na wewe ndiye unayekuwa ethi.

Jibu: Asante fundi. Hilo lisomwe mara mbili.

Mdau, Kijenge: Nimepima. 2.8 kwa 3.6.

Jibu: Sasa tunaongea. Si mraba, una bahati. Meza iweke kwenye ukuta mfupi, spika zitazame upande wa mita 3.6, kichwa chako kiwe kama mita 1.35 kutoka ukuta wa mbele. Zote mbili zinakutosha. HS5 tundu la hewa liko nyuma, Rokit za G4 (toleo la nne) liko mbele, hivyo kama meza imebanwa sana ukutani Rokit ni rahisi kuzipanga. Kama una nafasi ya kuzisogeza, mimi ningechukua HS5 kwa ajili ya sauti za katikati, pale waimbaji wanapokaa.

Mdau, Tengeru: Nje ya mada kidogo. Bati likipigwa na mvua nafanyaje? Masika nzima sirekodi.

Jibu: Monita haina msaada hapo. Dari la jipsamu lenye rokwuli juu yake linapunguza, halimalizi. Mimi masika namiksi, sauti za waimbaji narekodi mvua ikinyamaza.

Mdau, Moshono: Mimi nawaambia wasanii waje saa 12 asubuhi. Wanakuja wawili kati ya kumi, lakini hao wawili ndio wanaolipa. Na kingine: umeme ukikatika zima swichi za spika hapohapo, unaporudi subiri utulie kabla ya kuwasha. Laptop na saundikadi ziwe kwenye UPS (betri ya akiba), spika zikae kwenye stabilaiza.

Jibu: Hiyo ya UPS naiongeza kwenye hatua ya 4.