Fyuzi ya pikipiki ya zamani inaungua kila ukiweka? Tafuta shoti kwa balbu

Kama pikipiki yako ni ya zamani na fyuzi inaungua kila ukibadilisha, nakuomba kwanza usiweke fyuzi kubwa zaidi na usifunge kipande cha waya pale. Watu wanafanya hivi kila siku na inaniuma kwa kweli, maana fyuzi isipoungua kitakachoungua ni wayaringi yenyewe, na wayaringi inapita chini ya tenki la mafuta. Kama ilikuja na fyuzi ya ampea 10 au 15 basi ibaki hiyo hiyo.

Kabla hujafungua chochote angalia fyuzi inakata wakati gani. Ikikata pale pale unapofunga betri na funguo bado iko ofu, shida iko kwenye waya unaotoka kwenye fyuzi kwenda swichi ya funguo, au rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri) imekufa kwa ndani, hiyo chomoa tu soketi yake uone kama fyuzi inapona. Ikikata ukikanyaga breki, nenda moja kwa moja kwenye taa ya nyuma na swichi ya breki, na waya ule unaopita ndani ya madigadi ya nyuma huwa unachubuliwa sana na tope na mtikisiko. Ikikata ukiwasha indiketa unajua pa kwenda. Ile inayosumbua ni inayokata ukipita kwenye mashimo au ukikata kona, hapo kuna waya umechubuka, mara unagusa fremu mara unaachia, na ukisimama kuutafuta kila kitu kiko sawa.

Sasa kazi yenyewe. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12 wati 21 pamoja na holda yake, toa waya mbili, halafu ichomeke pale fyuzi ilipokuwa (kama pikipiki ni ya volti 6 tumia balbu ya volti 6). Zima taa zote, washa funguo. Kama kuna shoti (waya wa umeme unagusa chuma cha pikipiki), balbu itawaka kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa yenyewe haipitishi hata ampea 2 waya zako ziko salama na huunguzi fyuzi nyingine tena, unaweza kukaa hapo mchana mzima ukitafuta taratibu. Ikiwaka kwa kufifia usishtuke, huo ni umeme wa kawaida wa vitu vinavyotumia funguo ikiwa on.

Balbu ikiwa inawaka vizuri anza kuchomoa soketi moja moja, ya nyuma, ya swichi za usukani, ya ndani ya taa ya mbele, ya honi, na kila ukichomoa angalia balbu. Ikizima au ikafifia ghafla basi shoti iko upande ule uliochomoa. Vitu vilivyoongezwa baadaye kama alamu, spotilaiti na chaja ya simu mimi huwa naanza navyo, maana mara nyingi viliungwa kwa kusokota na tepu tu.

Kama balbu haiwaki mpaka pikipiki itikisike, shika wayaringi pale shingoni, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho, polepole, macho kwenye balbu. Ikipepesa hata kidogo umeshaipata. Pale shingoni waya zinapinda kila siku miaka na miaka, plastiki inakakamaa inapasuka, na kwa nje tepu inaonekana nzima kabisa kwa hiyo ifungue uone ndani. Sehemu nyingine ni chini ya siti na pale tenki linapokalia waya.

Wenye mita ya kupimia waya, chomoa betri kwanza (toa hasi kabla ya chanya) na utoe balbu zote za taa. Balbu ya wati 21 ikiwa baridi haifiki hata omu 1, mita italia kama shoti wakati hakuna shoti yoyote, na hapa watu wanapoteza muda mwingi sana.

Na ujue si kila shoti inakata fyuzi. Kwenye pikipiki nyingi ndogo zenye CDI ya magneti (kile kiboksi kinachopeleka moto wa plagi bila kutegemea betri), waya wa kuzimia injini ukigusa bodi, yaani chuma cha pikipiki, plagi inakosa moto na pikipiki haiwaki kabisa, fyuzi iko nzima. Chomoa waya ule kwenye CDI ujaribu kuiwasha. Honi nayo, nyingi zinawashwa kwa upande wa bodi, waya wa batani ukichubuka italia yenyewe bila kuguswa.

Ukishapata sehemu mbovu kata kipande kilichoungua chote, weka waya wa unene ule ule, chomelea kwa risasi, vika ule mpira unaosinyaa kwa moto, na usirudishe waya pale pale kwenye ncha ya chuma, ihamishe au weka mpira kwenye tundu inapopita. Usiharakishe kurudisha fyuzi. Acha balbu pale pale, geuza tena usukani pande zote, kalia siti uruke ruke, kanyaga breki (hapo itawaka kiasi, ni kawaida, isiwake kwa nguvu zote), na balbu ikitulia ndo unaweka fyuzi ya ampea zile zile.