Upasuaji wa Kinywa: Maandalizi na Uangalizi wa Kidonda

Anayekwenda kutolewa gego la mwisho lililokwama ndani ya taya, au kufanyiwa upasuaji mwingine wowote wa kinywa, huogopa zaidi sindano ya ganzi, ilhali sehemu ngumu ya kazi hiyo ni yake mwenyewe na huanza kabla hajaketi kwenye kiti cha daktari.

Mweleze daktari maradhi uliyonayo, mzio wako na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini au aspirini, asiziache kwa uamuzi wake, kwa sababu damu ya fizi huweza kuzuiwa kwa nyuzi na kugandamizwa, lakini bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo madhara yake ni makubwa mno. Vilevile, aliyewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa ataje jambo hilo hata kama ni la miaka iliyopita, maana baadhi yake huzuia mfupa wa taya kupona.

Kama utachomwa ganzi peke yake, kwa kawaida unaruhusiwa kula mlo mwepesi kabla. Kama utalazwa kwa dawa ya usingizi, utaratibu uliozoeleka ni kutokula kwa saa 6 na kutokunywa hata maji kwa saa 2 kabla ya upasuaji, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Uende pia na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwani hutaruhusiwa kuendesha gari siku hiyo. Piga mswaki vizuri asubuhi, na chakula laini kiandaliwe mapema. Wengi hukikumbuka wakati tayari hawawezi kutafuna.

Baada ya jino kutoka, shimo lililobaki hujaa damu inayoganda, na bonge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Karibu kila katazo utakalopewa linatokana na hilo. Uma kitambaa cha shashi kwa nguvu ya wastani kwa dakika 30 hadi 60 bila kukifunuafunua kutazama. Kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu wala usinywe kwa mrija, kwa kuwa mvuto wake huweza kuling'oa bonge. Sigara ina madhara maradufu: huvuta na hupunguza damu inayofika kwenye kidonda, hivyo ni vyema kuiacha kabla ya upasuaji na kwa siku kadhaa baadaye. Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza yasikutishe; damu inayojaa kinywani ndiyo ya kuhofiwa, nayo ikitokea, uma shashi safi upya, na isipokoma urudi kwa daktari.

Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, kwa kipimo ulichoandikiwa, na usile chochote hadi midomo ipate hisia, usije ukajing'ata bila kujua. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shavuni kwa dakika 20, kisha iondolewe kwa muda kama huo, siku ya kwanza tu, na ulale kichwa kikiwa kimeinuliwa. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo kuamka ukiwa umevimba kuliko jana si dalili ya kuharibika kwa kazi.

Saa 24 zikipita, sukutua taratibu baada ya kila mlo kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja, na uendelee kupiga mswaki meno mengine, ukikiepuka kidonda.

Maumivu yanayopungua kisha kurudi kwa ukali kati ya siku ya tatu na ya tano, yakipanda hadi sikioni pamoja na harufu mbaya, huashiria kwamba bonge limetoka na mfupa umebaki wazi. Rudi kwa daktari ausafishe na kuuwekea dawa, kwani vidonge pekee havitoshi. Homa, usaha au uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu pia hupelekwa kwake siku hiyohiyo. Ugumu wa kumeza au kupumua hausubiri miadi, bali huenda moja kwa moja kwenye huduma ya dharura, hata usiku wa manane.