Kabla ya Kuomba Mavuno, Hesabu Walezi

Kila mwaka huku Embakasi, Nairobi, makanisa mengi huandaa mikutano ya injili. Hema hukodishwa, spika huletwa, mhubiri hualikwa kutoka mbali, na watu huokoka kweli. Nimewaona wakitoa machozi ya toba. Miezi mitatu baadaye ukiuliza wako wapi, hakuna anayejua. Mimi ni shemasi katika kanisa la mabati Pipeline, na huduma yangu ni kupokea wageni na kuwafuatilia. Jambo hili linaniuma. Ndiyo maana naandika jinsi ya kulitayarisha kanisa kabla ya kumwomba Mungu alikuze, na naandika hasa kwa wachungaji na wazee wa makanisa madogo, yale ya washirika hamsini au sitini, ambayo hayana mfanyakazi wa kulipwa hata mmoja.

Anzeni na viongozi wapatane. Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulipofika Kabete mwaka 1937, watu waliungama dhambi mbele ya wenzao, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni ya miaka. Nyanya yangu alikuwa mmoja wa wale walioitwa ahonoki, yaani waliookoka kwa Kikuyu, na alitulea tukijua kwamba huwezi kuomba pamoja na mtu usiyemsalimia. Basi mchungaji aite wazee, mashemasi, viongozi wa kwaya na wa vijana, wakae Jumamosi nzima bila kuzungumzia mipango yoyote. Someni Mathayo 5:23 na 24, pale Yesu anaposema uiache sadaka yako madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Kisha nyamazeni, kila mtu apewe nafasi ya kusema. Magomvi ya makanisa yetu nayajua: hesabu za pesa, nani aimbe na nani asiimbe, na ukabila. Hili la mwisho lisifichwe. Matangazo yakitolewa kwa lugha ya mama ya mchungaji, mgeni wa kabila lingine ameshaambiwa kwamba hapa si kwake. Kanisa la Yerusalemu lilikumbwa na jambo la namna hiyo katika Matendo 6, wajane waliosema Kiyunani walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuahidi kuombea tu. Walichaguliwa watu saba, wakapewa kazi hiyo, na mstari wa 7 unasema idadi ya wanafunzi ikazidi sana.

Baada ya hapo ndipo mfunge na kuomba. Hapa nawasihi muwe waangalifu. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekufa njaa katika mfungo wa dhehebu moja, ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kule Kilifi, na tangu hapo jirani akisikia kanisa limetangaza mfungo anaingiwa na hofu. Ana haki. Semeni wazi mbele ya kanisa: watoto hawafungi, mama mjamzito na anayenyonyesha hawafungi, mwenye sukari au vidonda vya tumbo aulize daktari kwanza, na anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi asiache hata kidonge kimoja kwa sababu ya maombi. Maji yanywewe. Mfungo uwe na siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na asiulizwe mtu kama amefunga. Sisi hufunga chakula cha mchana siku za Jumatano na Ijumaa kwa mwezi mzima, na pesa ambazo zingenunua chakula hicho zinaingia katika mfuko wa unga na mafuta kwa nyumba ambazo hazina. Ndivyo ninavyoielewa Isaya 58.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo makanisa huliruka. Siku ya Pentekoste wale waliokuwa wakiomba pamoja walikuwa kama 120, na waliobatizwa ni kama 3000. Ukigawanya, kila mmoja alipokea watu 25. Waliweza kwa sababu walikuwa wamekaa na Bwana, na baada ya ubatizo walikutana nyumba kwa nyumba: “Wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali.” Mimi sithubutu kumpa mshirika wa Pipeline watu 25. Anaamka saa kumi alfajiri, anatembea kwa miguu hadi viwandani, anarudi usiku. Mpe watatu. Kwa hiyo kama mna walezi kumi, yaani washirika wa kuwafuatilia na kuwalea waliookoka, ombeni na mjipange kwa watu thelathini. Viti vya plastiki hukodishwa asubuhi moja, lakini mlezi huchukua miezi kumwandaa.

Mlezi mzuri si lazima awe msemaji. Tafuta mtu ambaye jirani zake humwachia ufunguo na watoto. Mama anayefua nguo za watu, kijana wa boda boda, fundi wa viatu, hao ndio walezi bora tulio nao, kwa sababu wanajua ploti zote na wanaheshimika. Wakutanishe kila juma kwa miezi miwili kabla ya mkutano. Wafundishe mambo manne tu: kueleza wokovu kwa lugha rahisi, kusoma Injili ya Marko na mtu sura kwa sura, kuomba kwa ufupi, na kufunga mdomo. La nne lirudie mara nyingi.

Kisha daftari. Nunua la mistari, lenye jalada gumu, na uchore safu hizi: jina, simu, anapokaa, saa anazopatikana, ombi lake, mlezi wake, tarehe ya kutembelewa. Kwenye “anapokaa” usiandike “Pipeline” ukaishia hapo. Andika jina la ploti, ghorofa, na alama: ghorofa ya sita, mlango wa buluu, karibu na tangi la maji. Safu ya saa ni muhimu kwa sababu wengi huku hufanya kazi zamu za usiku na hulala mchana. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kanisa nalo linapaswa kumweleza mtu kwa nini linachukua habari zake, na kuzitunza. Mwambie, “Tunaandika ili mtu mmoja akupigie simu na akutembelee ukikubali.” Daftari lifungiwe kabatini. Ombi la mtu kuhusu ndoa au ugonjwa wake lisisomwe kwenye kipaza sauti wala kutumwa katika kundi la WhatsApp. Mtu akisikia siri yake ikitajwa ngazini, hatarudi, na mlango wake hautafunguka tena kwa kanisa lolote.

Aliyeokoka Jumapili apigiwe simu Jumatatu na atembelewe kabla ya Ijumaa. Ziara yenyewe ina adabu zake. Nendeni wawili, si watano, maana chumba ni kimoja na kitanda ndicho kiti. Mwanamke asitembelewe na wanaume peke yao. Ukimkuta anapika, mwambie aendelee, kaa, ongea naye huku sufuria iko jikoni. Nusu saa inatosha. Usitaje sadaka wala fungu la kumi. Usichunguze kuta wala kuuliza baba watoto yuko wapi. Uliza, “Juma lako limekuwaje tangu Jumapili?” halafu sikiliza mpaka amalize. Someni mistari michache, Zaburi ya 23 au mwanzo wa Yohana 3, mwombe kwa kutaja alichosema, mpangane siku nyingine. Ukishuka ngazi, andika daftarini kabla hujasahau.

Ushirika wa nyumbani uwe karibu na wanakokaa hao wapya, watu wasiozidi kumi, saa mbili usiku siku ya Alhamisi, kwa muda wa saa moja basi. Ukizidi kumi, ugawanyike hata kama wanapendana sana. Chai ikiwepo iwe ya rangi na isiwe na kitu kingine, ili hata asiye na kitu aweze kuupokea ushirika nyumbani kwake zamu yake ikifika. Mandazi yakianza juma hili, juma lijalo mtu ataona haya kuwakaribisha.

Mafundisho ya miezi mitatu ya kwanza msiyajaze. Toba na imani, kuomba, kusoma Neno, ubatizo, kusamehe, na jinsi ya kuishi kazini na nyumbani. Msiwaharakishe kuwapa vyeo. Nimeona kijana mwenye sauti nzuri akisimamishwa kuongoza sifa hata kabla ya kufundishwa kuomba, na moyo wangu ulilia kwa ajili yake.

Watoto wawekewe mahali pao na walimu wasiopungua wawili kila darasa, wakati wote. Pesa za mkutano ziwe na watu watatu wa kuzihesabu, na taarifa yake isomwe Jumapili inayofuata. Kuhusu kelele, kanuni za mwaka 2009 zinaligusa kanisa kama zinavyoigusa baa. Kesha lifanyike bila spika, maana majirani mnaowanyima usingizi ndio mnaowaombea.

Tarehe nayo ina uzito. Mwisho wa mwezi watu wanahama nyumba, Desemba wako ushago, yaani kijijini kwao, na majuma ya kwanza ya Januari mawazo yote yako kwenye karo. Katikati ya Februari ni pazuri, au baada ya shule kufunguliwa muhula wa pili.

Jambo la mwisho lifanyike mapema, kabla ya mabango kuchapwa. Mchungaji aende kwa wachungaji wa makanisa mawili ya jirani wanaohubiri injili ileile, akawaambie tarehe na kuwaomba walezi. Petro alipojaza nyavu hadi zikaanza kukatika, Luka 5:7 inasema waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje kuwasaidia. Kubalianeni kwamba aliyeokoka akikaa maeneo ya Taj Mall na nyinyi mko maeneo ya Transami, na kanisa la jirani liko mlangoni pake, mtampeleka huko wenyewe kwa ridhaa yake, mkamjulishe kwa mlezi kwa jina. Na juma moja kabla ya mkutano fungueni daftari, mhesabu walezi walio tayari. Wasipotosha, ahirisheni mkutano na muwaeleze washirika sababu.